Nembo Niliyoikata Kwenye Eksirei

Kama ulinunua nyama popote kati ya Silibwet na Kericho mjini miaka ya tisini, ulinunua chini ya herufi zangu. Kama uliingia hoteli ukaona kikombe cha chai kimechorwa ukutani kinatoa moshi, kikombe ni changu na moshi ni wangu. Nasema mapema ili tusisumbuane huko mbele.

Juzi vijana fulani wanaosomea kompyuta huko Kabianga walinitembelea. Mmoja akaniuliza kwa adabu sana, "Mzee, ati zamani mlikuwa mnachora logo kwa mkono?" Nikamwambia si "mlikuwa". Nilikuwa. Na si logo ya buchari peke yake. Nilichora nembo ya programu wakati kompyuta zenyewe hapa Kericho zilikuwa zinafungiwa chumbani na kufunikwa shuka kama maiti. Wakaangaliana, wakacheka. Ndiyo nikaona niwaandikie, nyinyi na wenzenu, kwa sababu ile nembo ina mwenyewe, na mwenyewe hayupo wa kuwaambia.

Mimi sijazeeka, mjue. Yaliyostaafu ni macho, na kifua, kwa kunusa thina ya rangi miaka mingi ndani ya kibanda kisicho na dirisha. Shule niliacha darasa la sita. Baba alitutoa Kisii akaja kuchuma chai kwenye mashamba makubwa, na mimi nilipoona kikapu kile mgongoni kwake nikasema hapana, mgongo wangu ni wa kulalia. Nikaenda mjini nikajibandika kwa Mzee Wafula, Mluhya mmoja aliyekuwa anaandika mabango nyuma ya soko. Alikuwa na kijiti cha kuegemeza mkono wakati wa kuandika, na kijiti hicho kilikuwa na kazi mbili. Ya pili ilikuwa vidole vyangu.

"Hii A imesimama?" alikuwa akiniuliza.

"Imesimama, mzee."

"Imesimama kama mlevi. Angalia miguu yake."

Alinifundisha kwamba herufi ina miguu, ina mabega, na usipime nafasi kati ya herufi kwa rula. Pima kwa jicho. Rula itakudanganya ukiweka A karibu na V. Alinifundisha kuanza kwa chaki na uzi, kisha penseli, kisha rangi, na kabla ya rangi usome neno lote kwa sauti. Bango langu la kwanza Silibwet sikulisoma. Nilifika mwisho wa ubao na "BUTCHERY" haijaisha, ikabidi R na Y zikae moja juu ya nyingine kama watoto kitandani. Mwenye buchari alilipenda. Alisema wateja wanasimama kulishangaa, na wakishasimama wananunua. Ndiyo muone, hata nikiharibu, biashara inaenda.

Lakini kuna kitu mafundi wenzangu hawapendi kusema, mimi nitasema. Katikati ya miaka ile kilichotulisha hakikuwa mabango. Ilikuwa misalaba.

Mwanzoni nilikuwa naandika majina ya wazee, watu waliokula chumvi yao wakashiba. Halafu nikaanza kuandika tarehe za kuzaliwa za watu wadogo kwangu. Mwalimu. Karani wa kiwanda cha chai. Mama mwenye duka la nguo, na baada ya miezi, bwanake. Waliokuja kuagiza walisema ni kifua, au ni malaria, au ni mkono wa mtu. Jina lenyewe la ugonjwa hakuna aliyelitamka dukani kwangu, na mimi sikuwauliza. Nilijifunza kuchonga mbao mapema nikazipaka nyeupe, zikakaa zimepangwa ukutani zikisubiri majina, kwa sababu nyeupe isipokauka vizuri, nyeusi inatambaa juu yake kama wino kwenye karatasi ya choo. Mke wangu Kemunto akakataa kuingia kibandani. Alikuwa ananiitia chakula akiwa nje. "Baba Moraa," aliniambia, "hiyo misalaba inaangalia mtu."

Sasa Kibet.

Kibet alikuwa kijana wa Kiptere, Mkipsigis, amesoma hayo mambo ya kompyuta akafanya kazi kiwandani, kisha akaacha akafungua chumba kidogo ghorofani mjini na dada yake Chelangat. Alikuja kwangu mara ya kwanza mambo yakiwa bado hayajaharibika, akiwa na mashavu. Alitaka bango. Nikamuuliza jina.

"Banda," akasema.

"Banda kama lile la kupimia majani ya chai?"

"Ee, mambo ya chai," akasema, akakimbia, maana Chelangat alikuwa anamwita barabarani.

Nikafanya kazi, si mchezo. BANDA kwa herufi nyekundu zenye kivuli cha buluu, na chini yake banda lenyewe la kununulia majani: paa la mabati, mizani imening'inia, akina mama wamepanga foleni na vikapu. Mmoja nilimpa hata mtoto mgongoni. Kibet alipokuja akasimama mlangoni.

"Fundi, hii ni nini?"

"Ni banda."

"Mimi nilisema Banda!"

"Si ndiyo hiyo?"

"Banda! Ya kubanda! Ya kuweka mche kwa udongo!"

Chelangat alishika fremu ya mlango asianguke kwa kicheko. "Kibet, wewe ulisema Banda. Hata mimi nikikusikia nasikia Banda, na tumelala kitanda kimoja tukiwa watoto."

Mjue, Wakipsigis wa kawaida B kwao huwa inatoka P, ukimsikiliza mama sokoni atakwambia "papa" badala ya "baba". Lakini hawa waliosoma walichapwa shuleni mpaka wakaogopa P kabisa, kila mahali wanaweka B. Kibet alitaka Panda. Nikamwambia, "Nyinyi mkiniletea P imevaa koti la B, mimi nitaijuaje?"

"Na wewe Mkisii unayebanda rori ukienda kurara?"

Kibet alinipata, maana sisi Wakisii L yetu hutoka R. Tukacheka sote. Watu wengine husema nilikosea. Sikukosea. Niliandika nilichosikia.

Halafu Kibet akaliangalia lile bango muda mrefu. Akasema, "Lakini ni kweli, fundi. Ni banda." Ndipo akanieleza kazi yake. Neno lenyewe la Kizungu ni fremuweki, na mimi niliposikia fremu nikadhani ni dirisha. Akasema kila kiwanda kinataka programu yake: ya kupima majani, ya kuandika mkulima ameleta kilo gani, ya kutoa risiti. Na kila mtu wa programu anaanza tena kutoka chini, anachimba mashimo yale yale. Yeye alikuwa anaweka nguzo na paa, mara moja. Mwingine anakuja anaingiza mizani yake, mwingine anaingiza magunia yake, na banda ni lile lile.

"Kama stensili zako za kupakia rangi," akasema. "Si huchori ng'ombe upya kila buchari?"

"Mimi huchora upya," nikamdanganya.

"Hii ni mifupa, fundi. Nyama watu wataweka wenyewe."

Jina likabaki Banda. Watu wa programu wa Nakuru na Eldoret wakaanza kunakiliana kwenye diski, na bango langu likakaa pale ghorofani miaka kadhaa, na kila mgeni aliyepanda ngazi alimsalimia yule mama wa mwisho kwenye foleni.

Kibet aliporudi kwangu na kazi ya pili nilimjua kwa sauti. Shati lilikuwa lake lakini lilikuwa la yule Kibet wa zamani. Aliketi juu ya debe la rangi kabla sijamkaribisha, akahema, akaangalia ile misalaba ukutani, akageuza uso.

"Kuna kampuni ya Nairobi inataka kuchukua Banda," akasema. "Wataiweka kwa boksi, waiuze kila mahali. Lakini wanasema logo inafanana na hoteli ya stendi."

"Walisema hivyo mbele yako?"

"Walisema. Nikawaambia fundi mwenyewe ndiye ataibadilisha."

Hapo mkono ulinikaa sawa. Nikachukua penseli. Lakini yeye akatoa karatasi ya hesabu, ile ya miraba midogo, akapiga mstari kuzunguka miraba thelathini na miwili kila upande. Akasema hiyo ndiyo nafasi yote. Kwenye skrini kila mraba ni nukta moja, ama nyeusi ama nyeupe.

"Kivuli nitaweka wapi?"

"Hakuna kivuli."

"Mviringo?"

"Hakuna mviringo. Ni miraba tu."

"Sasa hiyo ni kuchora au ni kujenga choo?"

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kile hakikutaka kuisha. Nilimletea maji. Mafundi, nisikilizeni hapa: kazi ndogo ndiyo ngumu. Bango kubwa linaficha makosa, nukta haifichi kitu. Nilijaza karatasi nikaharibu, nikajaza nyingine. Paa langu lilionekana kama ngazi. Foleni ya akina mama ikawa chawa. Mwishowe Kemunto aliyekuwa nje anashona kitambaa cha kochi kwa krosheti akachungulia, akasema, "Si ni kama hii yangu? Tundu na jazo, tundu na jazo." Siku hiyo aliingia kibandani, mara ya kwanza tangu misalaba ianze. Akakaa upande wa Kibet, karibu kabisa, wakati ambapo watu mjini walikuwa wanahama benchi akikaa. Akaniambia akina mama wote watoke, mizani itoke, ibaki nguzo mbili na paa.

Kibet alikubali kila kitu. Kisha akasema lile lililomleta.

"Wakishachukua ni yao. Sawa, nimekubali, na Chelangat anajua. Lakini mimi nataka niwe mahali humo, fundi. Mtu akiifungua niwe hapo, hata kama hajui ni mimi."

"Tuandike jina."

"Haitatosha."

Kweli haikutosha. Hata K peke yake, tukiiweka chini ya banda, ilikuwa uchafu. Nikamuuliza hilo banda la kupimia majani la kwao Kiptere likoje. Akasema nguzo moja ilianza kulala kwa sababu ya upepo, wakulima wakaiegemeza kwa gogo la blugamu, ule mkaratusi, kutoka chini, na juu wakapigilia ubao wa kushika paa. Nikachukua penseli. Nguzo imesimama wima. Ubao unatoka katikati ya nguzo kupanda kwenye paa. Blugamu inatoka pale pale katikati kushuka mpaka chini. Nikageuza karatasi nikampa.

Aliweka kidole juu ya ile nguzo, akafuata ubao, akafuata blugamu. K. Kemunto anadai hadi leo kwamba wazo lilikuwa lake. Wazo lilikuwa langu.

Ilibaki stensili, ya kupulizia nembo kwenye maboksi ya kuonyesha wageni. Miaka ile stensili nzuri ilikuwa ya eksirei. Karatasi inalowa, mabati yanakula vidole, lakini filamu ya eksirei unaikata kwa wembe, inakaa miaka bila kujikunja. Nilikuwa nikipewa na watu waliovunjika miguu wakapona. Wakati huo sikuwa na hata moja. Kibet akafungua bahasha kubwa aliyokuwa ameikalia.

"Tumia hii."

Niliinyanyua kwenye mwanga wa mlango. Mbavu, na kati ya mbavu ukungu mweupe uliotanda pande zote mbili.

"Daktari haihitaji?"

"Ameshaiona. Na mimi nimeshaiona. Kata, fundi."

Nilikata mraba mmoja mmoja, paa kwanza, nguzo, kisha ubao na blugamu, vipande vidogo vya kifua chake vikianguka mezani, na yeye akivipuliza kwa mdomo ili nione mstari.

Mtu wa kampuni alikuja kutoka Nairobi, meneja mwenye tai na viatu ambavyo matope ya Kericho yalikuwa yamevidharau. Tulikuwa ghorofani, mimi nimevaa shati safi kwa sababu ni kazi yangu iliyokuwa mezani. Aliipenda. Alisema sasa inafanana na kitu cha kuuzwa. Kisha akaweka kalamu yake pale.

"Huu mti umeegemezwa hapa ni wa nini?"

"Unashika nguzo," nikasema.

"Utoeni. Nani atanunua banda linaloanguka?"

"Haliwezi kuanguka, bwana. Si limeegemezwa?"

"Mzee, mimi siuzi mabanda."

"Ukitoa huo mti umeharibu kazi. Mimi ndiye nasema, na Kericho hii yote uliza nani anaandika mabango."

Chelangat alifungua mdomo. Kibet akamshika mkono, akatikisa kichwa, na nikaelewa. Meneja akijua kwamba ile ni K itafutwa hapo hapo. Kibet akajaribu kuongea, kikohozi kikamkamata. Meneja alisogeza kiti nyuma, tena akasogeza, akatoa kitambaa akafunika pua kana kwamba anapiga chafya.

Kibet alipopata pumzi akasema, "Hiyo banda iko Kiptere. Mama yangu anabeleka majani hapo. Hiyo blugamu iko kweli."

"Sawa, sawa, iacheni," meneja akasema, amesimama tayari. Aliteremka ngazi bila kumpa Kibet mkono. Lakini alisema iacheni, tulimsikia sote watatu, na Kibet alicheka mpaka machozi.

Msimu wa mvua ndefu ulipoanza Chelangat alikuja kibandani peke yake. Niliona leso kichwani nikajua, nikateremsha msalaba mmoja ukutani kabla hajasema. Aliniandikia jina na tarehe. Kisha akatoa kwenye mkoba boksi jipya la diski, gumu, linang'aa, limechapishwa Nairobi. Nembo ilikuwa juu yake. Paa, nguzo mbili. Ubao hakuna. Blugamu hakuna.

"Aliona hii?" nikamuuliza.

"Ilifika akiwa bado anaona. Aliishika siku nzima. Akasema, 'Sasa imesimama yenyewe.' Akaiweka chini ya mto."

"Alisema kwa hasira?"

"Sijui, fundi. Mpaka sasa sijui."

Hayo ndiyo makubaliano na watu wakubwa, vijana. Watakwambia iacheni wakitaka kutoka chumbani. Nyinyi mnaochora kwa kompyuta mnafikiri kazi yenu iko salama kwa sababu mmeihifadhi mahali. Ile K haikufutwa kwa sababu ilipotea. Ilifutwa na mtu mwenye kalamu, akiwa ofisini kwake, amekunywa chai, labda ya kwetu.

Nilibeba msalaba mwenyewe mpaka Kiptere, na stensili kwenye bahasha, na kopo la rangi nyeusi. Mvua ilikuwa imepumzika kidogo. Mjomba wa marehemu aliponiona nimetoa ile eksirei alinizuia. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu mzuri, hakunipigia kelele.

"Fundi, msalaba si bango. Jina na tarehe inatosha."

Nikaweka chini brashi. Kwenye kaburi la mtu huwezi kubishana. Ndipo Mama Kibet akasogea. Alikuwa mama mfupi, mikono yake myeusi kwenye vidole kwa utomvu wa chai, ule usiotoka hata kwa sabuni. Alichukua ile filamu kutoka mkononi mwangu akainyanyua juu, angani, kama mtu anayeangalia yai. Aliona mbavu za mwanawe na tundu la banda katikati. Hakuna aliyekuwa amemwambia filamu ile ni ya nani. Nadhani alijua.

"Yeye aliwekea watu paa," akamwambia kakake. "Sasa yeye anyeshewe?" Akanirudishia, akaniita kijana kwa Kikipsigis. "Weka, weri. Weka panda yake."

Mjomba aliinamisha kichwa. Nikaweka stensili pale mbao mbili zinapokutana, nikaibana kwa kiganja, nikapaka. Ilitoka safi: paa, nguzo, ubao, blugamu. Yote. Mama akanishukuru, "Kongoi." Chelangat aligeuka akashika uso.

Wakati huo waombolezaji walikuwa wanaanza kusogea, na mjomba akaniambia nimalize haraka, mvua inarudi. Nafasi chini ya nembo ilikuwa imebaki, kiasi cha neno moja. Nikapima kwa jicho. Nikalisoma kwa sauti, polepole, kama Mzee Wafula alivyonifundisha, ili nisiharibu. Kisha nikaandika nilichosikia.

PANDA.